Muulize Yaya: Wanapigania nini?

Mwezi huu barua za manga, zile hadithi za michoro za Wajapani, zimezidi za mapenzi, jambo ambalo mhariri wangu halielewi. Nyingi zimetoka kwa watu wanaokodi vitabu kwangu hapa Kamalondo, Lubumbashi, wananijua, kwa hiyo hawanionei haya. Nimechagua nne. Ya kwanza imekula nafasi kubwa kuliko zilizobaki, na nimeiacha iendelee kuila.

*

Jambo Yaya. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu pale Kasapa na ninachora manga yangu mwenyewe. Shujaa wangu ni mchimbaji wa Kolwezi anayevunja jiwe kwa ngumi. Nimefika sura ya 12, na nimekutumia zote. Wenzangu wa chumbani wanasifu michoro, lakini nimewakamata wakiruka kurasa za mapigano ili wafike kwenye mazungumzo. Mapigano ndiyo niliyoyatolea jasho! Adui wa tatu ana nguvu mara kumi ya wa pili, na wa nne anaangusha mlima mzima. Niongeze kasi? Niongeze damu?
Mchoraji wa Kasapa

Mdogo wangu, damu iache kwanza. Wenzako hawana ugomvi na damu wala na kasi. Wanaruka kwa sababu wanajua tayari kitakachotokea: mchimbaji atapigwa, atatema jino, atasimama, atashinda. Na akishashinda, ni kitu gani kitakuwa kimebadilika katika maisha yake? Nimeisoma barua yako nikitafuta jibu hilo, sikuliona. Umenieleza adui ana nguvu kiasi gani. Hukunieleza shujaa wako anapigania nini.

Mimi si mchoraji, ni mkodishaji. Vitabu vyangu ni vya Kifaransa, vingi vimeletwa na watu wanaorudi kutoka Brussels, na kila kimoja kimezunguka kwa watoto wa Kamalondo, wa mtaa wetu wa Kenya, mpaka wa Katuba. Watoto wetu hawanawi mikono kwa ajili ya kitabu. Kwa hiyo sina haja ya kumuuliza mtu ni ukurasa upi uliosomwa sana. Naangalia pembe ya chini, pale kidole gumba kinaposhika. Juzuu za mwisho za Naruto, zile za vita kuu, ambamo majeshi yanapigana na wafu waliofufuliwa, bado ni nyeupe. Zimekodiwa, ndiyo, lakini zimepitiwa haraka haraka. Juzuu la 9 la One Piece, kurasa zake za mwishoni zimekuwa nyeusi, mbili zimechanika nikazibandika kwa utepe.

Kuna nini pale mwishoni? Nakukumbusha. Kuna msichana anayeitwa Nami, wa kijiji kilichotekwa na Arlong, mtu-samaki aliyemuua mama aliyemlea. Kwa miaka minane amemfanyia Arlong kazi, amemchorea ramani za bahari, ameiba huku na huku, ili atimize beri milioni 100 alizoahidiwa kwamba zitakinunua kijiji. Amebakiza kidogo tu. Anakuja afisa wa jeshi la majini aliyenunuliwa, anazichukua pesa zote. Nami anakaa chini, anashika kisu, anaanza kulichoma bega lake mwenyewe pale ilipo alama ya Arlong. Luffy, shujaa wa One Piece, anamshika mkono. Msichana ambaye hajawahi kumwomba mtu kitu anasema: nisaidie. Luffy anamvisha ile kofia yake ya majani, kofia asiyopenda mtu aiguse, kisha anaondoka na wenzake kwenda kwa Arlong.

Angalia vizuri. Juzuu linaishia hapo. Wale wanaokwenda pale hawajampiga Arlong hata kofi, na tayari vidole vyote vya mtaa wangu viko kwenye ukurasa huo. Pigano lenyewe linakuja baadaye, na mchoraji wake, Eiichiro Oda, hakusahau alichokiweka rehani: Luffy akifika kwenye chumba ambamo Nami alifungiwa kuchora ramani, anaanza kutupa nje meza na makabati. Anakibomoa chumba. Arlong anamwona kama mwendawazimu, lakini mtoto wa miaka tisa anayesomewa na dada yake pale uani kwenye lupango anaelewa kabisa kwa nini meza inarushwa dirishani.

Sasa rudi kwa adui wako anayeangusha mlima. Mlima wa nani? Nani analima mteremkoni? Nani amezikwa pale? Kama hakuna mtu, ni wino tu umemwagika.

Najua ulikojifunzia hili la mara kumi. Sote tulijifunza kwa Akira Toriyama. Katika Dragon Ball, iliyotoka kuanzia 1984 hadi 1995 ikajaza juzuu 42, kuna kile kifaa cha jichoni kinachopima nguvu. Mkulima mwenye bunduki ni 5. Frieza, yule adui mkuu, kabla hajajigeuza, ni 530,000. Namba ile ilitutisha kweli, siikatai. Lakini namba inatisha mara moja. Ukishasema laki tano, kesho utasema milioni, na msomaji atakuwa anakusanya sifuri tu kama karani. Toriyama mwenyewe aliviacha vile vifaa njiani.

Kilichobeba vita na Frieza kwenye sayari ya Namek ni kanuni ndogo iliyowekwa mapema. Joka la Dunia, lile linalotimiza maombi, haliwezi kumfufua mtu yule yule mara ya pili. Krillin, rafiki wa shujaa Goku, alikwisha kufa, akafufuliwa. Kwa hiyo Frieza anapomwinua hewani na kumpasua, Goku anajua, nasi tunajua, kwamba mlango ule umefungwa. Hasira inayomgeuza nywele inatoka hapo. Baadaye likapatikana joka la Namek lenye masharti mengine, mlango ukafunguliwa. Na ukifika kwa Buu, adui wa mwisho, karibu watu wote wa Dunia wanauawa, kisha wanarudishwa kwa ombi moja. Watoto wanaokodi kwangu hawainui hata nyusi. Kifo cha mtu mmoja mfupi asiye na pua kiliwaliza; kifo cha Dunia nzima wanakisoma huku wanakula karanga.

Sisi wa Lubumbashi hatukupaswa kufundishwa jambo hili na Wajapani. Mazembe wakicheza mechi ya kirafiki na timu ya mbali wakafunga mabao matano, watu wanapiga makofi, wanakwenda kula bukari. Wakikutana na Lupopo, wapinzani wao wa mji huu huu, sare ya bila kwa bila inaweza kumnyima mtu usingizi, kwa sababu Jumatatu kuna shemeji, kuna bosi, kuna muuza makaa ambaye ni Cheminot, shabiki wa Lupopo, tangu kwa babu yake. Ufundi unaweza kuwa mbovu siku hiyo, mpira unarushwa juu tu. Hakuna anayetoka uwanjani kabla ya filimbi.

Usinielewe vibaya ukadhani dau lazima liwe machozi. Linaweza kuwa dogo, hata la kuchekesha. Katika mashindano ya kwanza ya Goku, yale ya 21, mzee Kame-Sennin anajificha chini ya jina la Jackie Chun, anaingia ulingoni kuwapiga wanafunzi wake mwenyewe. Kwa nini? Anaogopa wakishinda mapema watavimba kichwa na kuacha kujifunza. Hakuna anayetaka kuimeza dunia. Hakuna atakayekufa. Ni mwalimu mzee anayehangaika kushinda ili mtoto abaki mwanafunzi, na mtoto anamkaribia, na mzee anatoka jasho. Mashindano ya ngumi ni mtego mkubwa wa manga hizi, maana kombe lenyewe halina ladha. Toriyama aliuruka mtego kwa kuweka kitu kingine chini ya kombe.

Rock Lee pia yuko kwenye mtihani tu, tena raundi ya mchujo. Juzuu la 10 la Naruto, nalo jeusi pembeni. Lee hana kipaji cha uchawi wowote wa kininja. Ana mikono, miguu na kichwa kigumu. Gaara ana mchanga unaomlinda bila yeye hata kujisumbua. Lee anavua vyuma vya miguuni, anafungua milango ya mwili wake mmoja baada ya mwingine, anatoa kila kitu. Anashindwa. Mkono na mguu vinasagwa. Kisha anasimama tena, na mwalimu wake Gai anapomfikia anagundua kwamba mtoto amezimia akiwa wima. Kilichokuwa mezani ni swali moja: bidii peke yake inatosha? Kila aliyewahi kurudia Exetat, ule mtihani wa taifa, katika mji huu anajua uzito wa swali hilo. Na jibu la Masashi Kishimoto, mchoraji wa Naruto, siku ile lilikuwa hapana, ndiyo maana hatulisahau.

Jambo la kushindwa nalisisitiza kwa sababu sura zako 12 hazina hata pigano moja ambalo shujaa ameshindwa. Katika One Piece, Zoro, mwenzake Luffy, anapigwa na Mihawk mapema kabisa, juzuu la 6. Mihawk anaanza kwa kakisu kanakoning'inia shingoni, matusi matupu kwa mtu anayejiita mpiga panga. Mwishoni anamheshimu kiasi cha kuchomoa upanga wake mweusi, na Zoro anageuka, anamfungulia kifua, maana kwake jeraha la mgongoni ni aibu. Anakatwa. Anainua upanga huku analia, anamwapia Luffy kwamba hatashindwa tena. Kuanzia hapo kila pigano la Zoro lina kiapo hicho ndani yake, hata akipigana na mtu asiye na jina. Kushindwa kumoja kumelipia mapigano ya miaka na miaka. One Piece ilianza 1997 na bado inatoka. Hesabu mwenyewe faida.

Lazima pia niwatetee wachoraji kidogo. Jarida la Weekly Shonen Jump, lililoanza 1968, linamtaka mchoraji kurasa kama 19 kila wiki, na wasomaji wanatuma kadi kusema wamependa hadithi zipi. Hadithi isiyopendwa inakatwa. Ukiwa na usingizi wa saa tatu na kadi zinakuja, njia rahisi ya kumaliza sura ni mlango kufunguka na adui mpya kusema, yule mliyemshinda alikuwa dhaifu kuliko sisi wote. Wiki imepita. Mchoraji amelala. Lakini amejikopesha kutoka wiki zijazo, na ndiyo sababu Frieza akasema sayari italipuka baada ya dakika tano, halafu kwenye televisheni dakika hizo zikachukua vipindi na vipindi. Wewe hakuna anayekutumia kadi pale Kasapa. Una uhuru ambao Kishimoto hakuwa nao. Kwa nini unajifunga kwa kamba ya mwingine?

Tuje kwenye kazi yako. Shujaa anavunja jiwe kwa ngumi: vizuri, nimeipenda, na ni ya kwetu. Lakini umempeleka kupigana juu, kwenye uwanja mtupu wa depo, ambapo ngumi yake ni faida tupu. Mteremshe. Weka pigano ndani ya shimo. Mdogo wake yuko mita chache chini zaidi, amebanwa na gunia la madini, taa yake inazimika. Juu yao kuna udongo uliochoka. Sasa ile ngumi inayovunja jiwe ndiyo hatari kubwa kuliko adui mwenyewe, maana akiitumia mara moja kwa nguvu zote, paa linashuka. Adui naye anajua hilo, anacheka, anasimama makusudi mbele ya nguzo. Kila ngumi itabidi ihesabiwe. Wenzako watasoma kila kisanduku, hata kile chenye mchanga unaodondoka begani tu, nakuhakikishia. Tena hicho ndicho watakachokigusa kwa kidole.

Na huyu adui, mpe naye kitu cha kupoteza. Katika Hunter x Hunter ya Yoshihiro Togashi, mfalme wa wale wadudu ni kiumbe mwenye nguvu kuliko wote. Mzee Netero hawezi kumtisha kwa kifo. Anamwambia: najua jina lako, ukinifanya nikiri nimeshindwa, nitakuambia. Mfalme hajui jina lake, mama yake alilitaja kabla ya kufa bila yeye kusikia. Basi mwenye nguvu zote ndiye anayetamani, na anayetamani ana mahali pa kushikwa. Adui wako wa nne anatamani nini zaidi ya kuangusha milima? Anadaiwa na nani? Nani anamngojea nyumbani na chakula kinapoa?

Chora upya sura ya 9 tu, usichome moto kazi yote. Michoro yako ya mikono ni mizuri. Magari yanahitaji kutazamwa tena.

*

Yaya, mimi naona unazungukazunguka. Tatizo la manga hizi ndefu ni moja: watu hawafi. Mwandishi akiua, tunaogopa, asipoua, tunalala. Oda ni mwoga. Mwambie huyo mtu wa Luffy aue nusu ya merikebu tuone kama hatutasoma.
Msomaji wa Likasi

Kaka, kuhusu Pell nakupa haki yako yote. Pale Alabasta, katika One Piece, askari yule anabeba bomu kwa makucha yake, analipaisha angani, linalipuka naye juu, watu wanamlilia, kaburi linachimbwa. Halafu anaonekana anatembea. Mteja wangu mmoja alirudisha kitabu akauliza: "Yaya, sasa ile bomu ilikuwa ya nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Lakini huwezi kumwita mwoga mtu aliyeandika vita vya Marineford. Luffy anavunja gereza, anapita katikati ya jeshi zima, anamfikia kaka yake Ace anayengoja kuuawa jukwaani, pingu zinafunguliwa, wanapigana bega kwa bega. Kisha Ace anakufa mikononi mwake, juzuu la 59. Na hata hapo, tazama alivyofanya: alimpa Luffy kila alichokuja kukichukua, kwa dakika chache, ndipo akakinyang'anya. Kama Ace angekufa jukwaani kabla kaka yake hajafika, kifo kingekuwa kile kile na uzito ungekuwa nusu.

Ninachopinga ni hesabu yako ya nusu merikebu. Mwandishi akiua kila juzuu, msomaji anajifunza kujilinda. Akiletewa mhusika mpya anamtazama kama mgeni wa kupita, hampendi, na usichokipenda hakiwezi kuwekwa rehani. Akiua na kurudisha ni mbaya zaidi. Katika Naruto, Pain, ambaye nyuma yake yuko Nagato, alipoivunja Konoha, kijiji cha shujaa, watoto walinijia mbio: "Yaya, Kakashi alikufa ya kweli?" Baada ya Nagato kuwarudisha wote kwa pumzi moja, swali hilo halikuulizwa tena mlangoni kwangu kuhusu mtu yeyote wa hadithi ile. Nalisema hili kwa huzuni, kwa sababu pigano lile lina moyo: Naruto amesimama mbele ya mtu aliyemuua mwalimu wake Jiraiya, na kumshinda ni sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni maswali ya Nagato baada ya hapo. Kijiji chote kingeweza kubaki hai tangu mwanzo na mazungumzo yale yasingepoteza kitu.

Halafu kuna mapigano ambayo hakuna anayeweza kufa ndani yake na bado yanauma. Luffy na mwenzake Usopp, juzuu la 35 la One Piece. Wanapigana kwa ajili ya merikebu mbovu. Merry, ndiyo merikebu yenyewe, haiwezi kutengenezwa tena, nahodha ameamua kuiacha, Usopp hawezi kukubali kwa sababu ilitoka kijijini kwake. Nguvu? Hakuna mashaka hata kidogo, Luffy atashinda, na kila mtu kwenye merikebu anajua. Tunasoma tukitaka pigano lisiwepo. Wote wawili wana haki yao, na akishinda mmoja, urafiki ndio unaolipa. Baadaye merikebu ile inachomwa baharini kwa heshima zote, na nimeona wanaume wenye ndevu wakinirudishia juzuu lenye kurasa hizo huku wakiangalia pembeni. Ni mbao, kaka.

Na nikuongeze mmoja, maana naona wewe ni mtu wa damu. Fullmetal Alchemist, juzuu 27 tu, imemalizika bila kuchoka. Mwandishi wake, Hiromu Arakawa, ni mwanamke, jambo ambalo vijana wengi wa hapa wakiambiwa wanabisha kwanza. Hughes anauawa mapema, akiacha mke na binti mdogo. Rafiki yake Mustang anamtafuta muuaji kwa muda mrefu sana. Anapompata muuaji huyo, Envy, pigano la nguvu halipo: Mustang anamchoma, anamchoma tena, hana mpinzani. Kama hesabu yako ni sahihi, hapo hakuna cha kuogopa. Lakini nyuma yake amesimama Hawkeye, mwanamke anayemwamini kuliko mtu yeyote, amemwelekezea bastola kisogoni, kwa sababu waliahidiana zamani kwamba akipotea njia atampiga risasi. Anayeweza kupotea ndani ya chumba kile ni mshindi. Soma tena kurasa hizo, kisha uniandikie kama ulilala.

*

Salamu Yaya. Mtoto wangu ana miaka 11, anajaza kaye ya hesabu kwa watu wanaopigana. Mwalimu ameniita, nimeona aibu. Wewe unayekodisha vitabu hivi kwa watoto wa wenzako, huoni vinawaharibu?
Mama wa Ruashi

Mama, pokea heshima zangu. Kaye ya hesabu ni ya hesabu, mwalimu ana haki. Mnunulie nyingine ya kuchorea, hata ile ya bei ya chini isiyo na mistari, na umwambie ile ya miraba isiguswe.

Kisha siku moja mkiwa mmetulia, kaa naye, onyesha mtu mmoja mmoja kwa kidole umuulize: huyu anapigania nini? Akikujibu kwamba huyu wa kushoto amechukua mbuzi wa bibi, na huyu wa kulia ameahidi kumrudisha, basi mwanao anatunga hadithi, na mtoto anayetunga hadithi anafikiri. Akisema "banapigana tu", mwambie arudi akatafute sababu. Ni kazi ya nyumbani nzuri kuliko nyingi anazopewa.

Sitakudanganya kwamba vitabu vyote ni vya umri wake. Kuna ninavyoviweka chini ya meza na sivitoi kwa mtoto hata akija na franka za mjomba: Ken le Survivant, watu wanapasuka vichwa, Attack on Titan, watu wanaliwa. Kwa miaka 11 ninampa Dragon Ball. Mle ndani Goku, baada ya kuvunjwa mifupa na adui yake Vegeta, anamwomba Krillin asimmalize adui anayetambaa chini kama mdudu. Watoto wanabishana sana juu ya ukurasa huo. Wengi wanasema angemuua. Waache wabishane mbele yako, utamjua mwanao.

Na kama kaye ile bado ipo, usiitupe kabla hajanionyesha.

*

Yaya, Goku na Luffy nani atashinda? Tumebishana wiki mbili, tumewekeana Fanta. Tafadhali jibu jina moja.
Ndugu wawili wa Katuba

Wadogo zangu, Toriyama na Oda walikwisha kukaa pamoja wakaichora hadithi hiyo, mwishoni mwa 2006. Inaitwa Cross Epoch. Mabingwa wote wale, wa Goku na wa Luffy, wamechanganywa katika kurasa chache, na mnajua wanaelekea wapi? Wamealikwa kunywa chai kwa Shenron, lile joka la Dunia. Wenye mali wenyewe, walipopewa nafasi ya kumaliza ubishi, walichemsha maji.

Siwalaumu. Goku hana kitu cha kumnyang'anya Luffy, na Luffy hana anachokitaka kwa Goku, labda nyama. Wangepigana kurasa 20, wangecheka, wangeulizana chakula kiko wapi. Ninyi wawili mna sababu ya kugombana kuliko wao, maana kuna Fanta.

Gawaneni hiyo Fanta. Na yeyote kati yenu aliyeondoka na juzuu la 31 la Slam Dunk, ambalo ni la mwisho na lina foleni ya watu wanne, aniletee kabla ya Ijumaa.